Mustang Inaishia Wapi? Kupima Mwinuko wa Mwisho Ndani ya Simuleta

Mabibi na mabwana, ndugu zetu mnaorusha ndege za kivita za zamani ndani ya simuleta, asanteni kwa kufika.

Swali tulilopewa ni fupi: P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, inapanda hadi wapi? Vitabu vingi vinaandika futi 41,900. Ukiingia kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege, ukavuta usukani mpaka ndege ikatae, altimita, yaani kipimo cha mwinuko, itakupa namba yake, pengine 43,000, pengine 39,000. Hapo ubishi unaanza. Mmoja anasema simuleta ni mbovu, mwingine anasema kitabu kimetia chumvi, wa tatu anasema rubani hajui kazi. Tunachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba ile namba kubwa kuliko zote uliyoiona kwenye altimita haithibitishi lolote. Kinachopimwa ni kasi ya kupanda. Mwinuko wa mwisho unapatikana baadaye, mezani, kwa rula na karatasi.

Tuanze na maana, kwa sababu nusu ya ubishi unatokana na watu kuzungumzia vitu viwili tofauti. Kuna kikomo cha kazi, yaani mwinuko ambao ndege iliyowekewa nguvu zote inapanda futi 100 tu kwa dakika. Kwa wanaotumia mita ni nusu mita kwa sekunde. Halafu kuna kikomo kamili, ambapo kasi ya kupanda ni sifuri. Ile 41,900 ya vitabuni ni kikomo cha kazi. Kikomo kamili kiko juu yake kwa mamia kadhaa ya futi, na hakuna rubani anayekifikia kwa kupanda kwa utulivu. Sababu yake ni ya kihesabu.

Chukueni mfano. Tuseme ndege yako inapanda futi 1,500 kwa dakika ikiwa kwenye futi 30,000, inapanda 1,000 ikiwa kwenye 34,000, na 500 ikiwa kwenye 38,000. Kila futi 1,000 unazoongeza zinakupunguzia futi 125 kwa dakika. Endeleza mstari huo: utafika 100 kwenye futi 41,200, na sifuri kwenye futi 42,000. Sasa hesabu muda. Kutoka 38,000 hadi 41,200 unahitaji karibu dakika 13. Kutoka hapo, kila mara unapotaka kupunguza kwa nusu umbali uliobaki hadi 42,000, unatumia dakika tano na nusu nyingine. Unapata futi 400, kisha 200, kisha 100, na mafuta yanakwisha huku ukiwa bado hujafika. Ndiyo maana wapimaji wa ndege halisi hawakuhangaika kukigusa kikomo kamili. Walipima kasi ya kupanda kwa hatua, wakachora mstari, wakasoma jibu pale mstari ulipokata sifuri.

Kuna njia ya mkato, na ndiyo inayoharibu majibu mengi. Kwenye futi 40,000 hewa ni nyembamba kiasi kwamba mwendo halisi ni takriban mara mbili ya ule unaosomeka kwenye kipimo. Kipimo kikionyesha maili 140 kwa saa, ndege inakwenda maili 280. Rubani akiinua pua na kuacha mwendo ushuke hadi maili 200 za kweli, karibu na pale mabawa yanapoishiwa nguvu ya kubeba, mwendo alioutoa unageuka kuwa karibu futi 1,300 za mwinuko. Altimita haidanganyi, ndege imefika kweli. Lakini haiwezi kukaa hapo. Mfano mkubwa kuliko wote wa aina hii ni wa ndege ya jeti: tarehe 14 Desemba 1959, F-104C ilifika futi 103,389, mahali ambapo injini yake haikuwa na hewa ya kuiendeleza kabisa. Ilirushwa juu kwa mwendo iliokuwa imeukusanya chini. Rekodi ile ni halali, ila inajibu swali jingine. Kwa hiyo kwenye jaribio letu mwendo unaosomeka haubadiliki wakati wa kupima, na kipande chochote ambacho mwendo wake umeshuka zaidi ya maili mbili au tatu kinatupwa.

Sasa maandalizi. Hewa kwanza. Simuleta nyingi zinakuacha uchague hali ya hewa, na wengi hawaigusi. Weka mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari kuwa inchi 29.92 za zebaki, ambao ni sawa na hektopaskali 1,013.25 au milimita 760. Weka halijoto ya usawa wa bahari kuwa nyuzi 15. Upepo uwe sifuri kwenye tabaka zote, na mawingu na misukosuko vizimwe. Hiyo ndiyo hewa sanifu ambayo altimita imetengenezwa kwayo: inapoa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita hadi kilomita 11, yaani futi 36,089, kisha inabaki nyuzi 56.5 chini ya sifuri. Ukiacha hewa iwe na joto lililozidi hapo kwa nyuzi 10 safu nzima, mwinuko wa kweli na ule wa altimita vitaachana kwa takriban asilimia 4. Kwenye futi 40,000 hiyo ni futi 1,600, na kosa la ukubwa huo linatosha kuzima mjadala wowote wa maana. Tarehe 5 Februari 1952 rubani Ted Powles alipopandisha Spitfire PR XIX, ndege ya upelelezi ya Uingereza, juu ya Hong Kong, altimita yake ilisoma futi 50,000. Baada ya marekebisho, mwinuko wa kweli ukahesabiwa kuwa 51,550. Tofauti hiyo inatoka hewani.

Upepo nao tusiuchukulie kirahisi. Ukipanda ukielekea upepo unaozidi nguvu kadiri unavyokwenda juu, ndege inapata mwendo wa bure na kasi ya kupanda inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Uzime tu.

Uzito ndio mahali penye utamu, na tungependa tukae hapo kidogo. Karibu na kikomo, ukinzani mkubwa wa hewa ni ule unaozaliwa na mabawa yenyewe kwa kubeba ndege, na huo unategemea uzito. Ukifanya hesabu ya nguvu inayohitajika na nguvu ambayo injini inaweza kutoa kwenye hewa nyembamba, unapata kanuni ya kukadiria iliyo rahisi kukumbuka: kila asilimia 1 ya uzito unayoipunguza inakuongezea takriban futi 200. Mustang yenye uzito wa pauni 10,100 inapoteza asilimia 1 kila inapochoma galoni 17 hivi za Marekani, maana galoni moja ya petroli ina pauni 6. Matangi mawili ya mabawa yanabeba galoni 92 kila moja, na tangi la nyuma ya rubani linabeba 85. Ukiondoka na matangi yote yamejaa na mwenzako akaondoka na nusu ya matangi ya mabawa tu, mnatofautiana galoni 177, zaidi ya pauni 1,000. Hapo mmeachana futi 2,000 kabla hata ya kuwasha injini. Risasi nazo: P-51D hubeba risasi 1,880, na mzigo huo unazidi pauni 500. Kuna simuleta zinazohesabu uzito wake na kuna zisizohesabu. Jaribu mara mbili, na risasi na bila risasi. Ukiona tofauti ya futi 1,000 hivi, unajua simuleta yako inauhesabu.

Wakati wa vita jambo hili lilijulikana vizuri. Ndege za Ujerumani za Ju 86R zilipoanza kupita juu ya Uingereza mwaka 1942 kwenye mwinuko ambao hakuna aliyeufikia, Waingereza walichukua Spitfire IX, wakang'oa bunduki za rashasha na vitu vingine vizito, wakabakiza mizinga miwili ya milimita 20. Tarehe 12 Septemba 1942 rubani Emanuel Galitzine aliipandisha ndege hiyo hadi karibu futi 44,000 na kuikuta Ju 86R upande wa Southampton. Mzinga mmoja ulikwama. Kila alipofyatua ule mwingine, ndege iliyumba upande na kushuka, kwa sababu pale juu hakukuwa na akiba yoyote ya nguvu ya kuirudisha mahali pake. Mkitaka kujua maisha ya kwenye kikomo yakoje, fikeni futi 41,000 ndani ya simuleta kisha mbonyeze kitufe cha silaha.

Kwa hiyo andika uzito. Andika uzito wa kuondokea na mafuta yaliyobaki kila unapopima. Kwa Mustang tunashauri matangi ya mabawa yajazwe nusu hadi robo tatu na la nyuma liachwe tupu. Tangi hilo likiwa na mafuta linavuta uzito nyuma, pua inakuwa nyepesi, na kushikilia mwendo mmoja kwenye hewa nyembamba kunageuka mateso. Anza kutumia tangi la kushoto, kwa sababu mvuke wa mafuta unaotoka kwenye karbureta unarudishwa huko. Ukianza la kulia huku la kushoto limejaa, mafuta yanayorudi yanamwagika nje.

Sasa tuingie chumba cha rubani. Injini ya P-51D ni Packard V-1650-7, yaani Merlin iliyotengenezwa Marekani, yenye supachaja, yaani pampu inayoisukumia injini hewa, ya ngazi mbili na gia mbili. Kwenye usawa wa bahari hewa ya nje ina inchi 29.92, kwenye futi 40,000 zinabaki inchi 5.5 tu. Supachaja ndiyo inayosimama kati ya injini na ukame huo. Swichi yake iachwe kwenye AUTO. Ukiwa kati ya futi 14,500 na 19,500, kutegemea mwendo wako, itahamia gia ya juu yenyewe: mshale wa mgandamizo wa injini unaruka na taa ndogo inawaka. Taa isipowaka ukiwa umepita futi 20,000, simama hapo. Supachaja imebaki gia ya chini, na ukiendelea utapata kikomo cha ndege nyingine kabisa. Wenye takwimu za chini kupita kiasi wanatakiwa kukagua hapa kabla ya kulaumu simuleta.

Wenzo wa hewa ya karbureta uwe RAM AIR. Ukiuacha upande wa chujio, injini inakosa ule msukumo wa hewa unaotokana na mwendo wa ndege, na gharama yake inaonekana hasa juu. Pampu ya kusaidia mafuta iwe imewashwa, maana mgandamizo unaposhuka mafuta yanachemka kirahisi kwenye mabomba na injini inaanza kukohoa. Milango ya radieta iwe AUTO.

Oksijeni isisahaulike. Kuna simuleta zinazoiga kukosa hewa: skrini inaanza kufifia, kisha rubani anazimia bila onyo jingine. Fungua oksijeni kabla ya futi 10,000 na uangalie kipimo cha mtiririko kinapepesa kila rubani anapovuta pumzi. Kwenye ndege halisi isiyo na chumba cha kushikilia mgandamizo, futi 40,000 ni karibu na mwisho wa uwezo wa barakoa ya kawaida, hata ukivuta oksijeni tupu. Kwa maneno mengine, mashine ilikuwa inamzidi binadamu aliye ndani yake. Simuleta nyingi hazilionyeshi hilo, na kwa jaribio hili tunashukuru.

Kupanda kwenyewe tunakugawa mara mbili. Hadi futi 20,000 hupimi chochote, kwa hiyo usiichoshe injini: mizunguko 2,700 kwa dakika na mgandamizo wa injini wa inchi 46, ambayo ni nguvu ya kudumu, na mwendo wa maili 170. Wanaotoka chini kwa inchi 61 na mizunguko 3,000 wanatumia nguvu ambayo mwongozo unairuhusu kwa dakika 15 tu. Wakipanda taratibu kwa pua iliyoinuka sana, hewa inayopita kwenye radieta haitoshi. Kipozeo kinavuka nyuzi 121, na injini inaharibika hapo hapo au, mbaya zaidi, inapoteza nguvu kidogo kidogo bila wewe kutambua. Jaribio lote baada ya hapo ni takataka. Ukifika 20,000 na joto liko sawa, peleka mizunguko 3,000 na usukume nguvu hadi inchi 61. Mahali fulani kati ya futi 20,000 na 26,000 utaona wenzo wa nguvu umefika mwisho na inchi zinaanza kupungua zenyewe. Andika mwinuko huo. Ni wa thamani kuliko karibu namba nyingine zote za siku hiyo, na tutaurudia.

Kabla ya kupima kikomo lazima ujue mwendo gani unapandisha vizuri zaidi. Usiuchukue kitabuni, upime. Shuka hadi futi 29,000, tuliza ndege kwenye maili 180, panda kwa nguvu zote, na upime kwa saa ya kubonyeza sekunde unazotumia kutoka 29,500 hadi 30,500. Rudi chini, rudia kwa 170, kisha 160, kisha 150. Kwa kasi ya futi 1,500 kwa dakika, futi 1,000 zinachukua sekunde 40, kwa hiyo tofauti ya sekunde mbili inaonekana waziwazi. Rudia kwenye futi 36,000, kwa sababu mwendo bora unashuka kidogo kadiri unavyopanda. Chora mwendo dhidi ya kasi ya kupanda na uchukue kilele cha mchoro. Hapo ndipo wengi wanapogundua kwamba walikuwa wanapanda polepole mno. Pua iliyoinuka sana inaonekana kama juhudi, lakini ndege inaburuta mabawa yake.

Sasa kipimo chenyewe. Chagua njia iliyonyooka ambayo ramani yake haitaisha: kwa maili 280 kwa saa, dakika 40 zinakupeleka zaidi ya maili 180. Usipinde. Kugeuka hata kidogo karibu na kikomo kunakula kasi yote ya kupanda iliyobaki. Mpira wa kipimo cha kuteleza uwe katikati muda wote, na uusahihishe kwa trimu (kirekebishi) ya usukani wa mkia, maana nguvu ya injini inapopungua trimu uliyoiweka chini inakuwa imezidi. Ndege inayokwenda ubavu inaweza kukupotezea futi mia kadhaa huku ukidhani mambo ni shwari.

Usisome kipimo cha kasi ya kupanda. Kile cha Mustang kina mizani hadi futi 6,000 kwa dakika, na futi 100 ni unywele tu pembeni mwa sifuri. Tumia altimita na saa: kila futi 1,000 kutoka 28,000 kwenda juu, andika sekunde, mwendo, inchi za injini, na mafuta. Simuleta nyingine zinakufanyia kazi hiyo. Simuleta ya X-Plane ina ukurasa wa kutoa data unaoandika kila kitu kwenye faili la data.txt, na programu ya Tacview inarekodi safari za simuleta za DCS na IL-2. Ukiwa na faili hilo, mikono yako inabaki na kazi moja tu, kushikilia mwendo. Kuongeza kasi ya muda kunaruhusiwa chini ya futi 20,000. Ukianza kupima, rudisha muda wa kawaida, kwa sababu hatua za hesabu zikiruka, ndege inaanza kutikisika na mwendo haushikiki.

Ukipata futi 200 kwa dakika, acha. Data inatosha. Weka mwinuko upande mmoja wa karatasi na kasi ya kupanda upande mwingine. Nukta zilizo juu ya ule mwinuko ambao wenzo ulifika mwisho zinapaswa kukaa karibu na mstari mnyoofu. Pitisha rula, soma kwenye 100 na kwenye sifuri. Nukta zikipinda ghafla kwenda chini, kagua joto la injini na ule mpira. Zikipinda kwenda juu, ulikuwa unauza mwendo ili kununua mwinuko.

Jibu lako likitofautiana na 41,900, bado usihukumu. Kwanza uliza ndege iliyoigwa ni ipi hasa. Spitfire IX ni fundisho zuri: yenye injini ya Merlin 66 ilitengenezwa kwa ajili ya mapigano ya chini na ya kati, yenye Merlin 70 kwa ajili ya juu. Jina ni moja, umbo ni moja, kikomo si kimoja. DCS imeiga ile ya Merlin 66, na kuilaumu kwa kushindwa kufika alikofika Galitzine na Merlin 61 kwenye ndege iliyopunguzwa uzito ni kuionea.

Baada ya hapo angalia ule mwinuko ambao inchi zilianza kupungua. Mwinuko huo ukiwa chini sana au juu sana, tatizo liko kwenye supachaja ya simuleta. Ukiwa sawa, pima mwendo wa juu kwenye futi 25,000, ambapo P-51D huandikiwa maili 437 kwa saa. Mwendo huo ukipatikana na kikomo bado kikawa kibovu, injini haina hatia. Kwenye mwendo mkubwa ndege inapigana na ukinzani wa umbo lake. Kwenye kikomo inapigana na ule wa mabawa yaliyobeba uzito. Kwa hiyo watengenezaji wamepatia umbo na kukosea mabawa au propela. Ukiwaandikia, watumie faili, uzito, hali ya hewa na mchoro. Watengenezaji makini hulishughulikia lalamiko la namna hiyo, kwa sababu linawaonyesha mahali pa kutazama.

Limebaki la kushuka, nalo linaangusha watu baada ya kazi nzuri. Usielekeze pua chini ukidhani kwamba maili 505 za mstari mwekundu, yaani mwendo usioruhusiwa kuvukwa, ziko mbali. Mustang inaanza kutikisika na kukataa usukani kwenye takriban asilimia 75 ya mwendo wa sauti, na kwenye futi 40,000 hiyo ni maili 260 tu kwenye kipimo. Kwenye 30,000 ni 325, kwenye 20,000 ni 400. Punguza nguvu hatua kwa hatua ili kipozeo kisipoe ghafla, shuka kwa maili 220, na uangalie taa ya supachaja ikizimika inaporudi gia ya chini.